Dirisha la Upande wa Mama Mkwe

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi. Zito, la manyoya, rangi ya zambarau, na mkaniambia sasa nikapumzike nisije nikapigwa na baridi. Nilishukuru mbele ya watu na nikacheka moyoni, maana miaka yangu yote ya kazi ilikuwa ni kugombana na watu wanaoogopa baridi. Blanketi liko kitandani kwangu na dirisha la chumba liko wazi. Hivyo viwili vinakaa pamoja bila kugombana, na kama hamtakumbuka lingine lolote kutoka kwangu, kumbukeni hilo.

Mmeniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya afya ya jamii, hasa upande wa shule. Vyeo sitavigusa. Nilipandishwa kama wenzangu, yaani kwa kuchelewa. Wala sitaandika juu ya vyoo, kwa sababu choo kibovu kinajitangaza chenyewe na hata mbunge atakiona. Nitaandika juu ya hewa ya darasani. Hewa mbovu hailalamiki. Watoto wanasinzia, mwalimu anasema ni wavivu, anawasimamisha wote waimbe wimbo wa kuamsha akili, halafu wanakaa na kusinzia tena.

Niliripoti Busia nikiwa msichana mwembamba mwenye sketi mpya na viatu vya kuazima. Afisa wa afya kwa raia alikuwa anaitwa Bwana Afya, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha jina kwa sababu yangu. Mpaka leo sokoni mama wa mboga ananiita, "Bwana Afya, karibu sukuma." Mume wangu aliulizwa kwa mzaha miaka mingi anaishije na bwana mwenzake. Alikuwa akijibu kwamba anaishi kwa kufungua madirisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ojiambo, Msamia kama mimi, mtu mfupi mwenye baiskeli nyeusi aliyoipangusa kuliko alivyopangusa viatu vyake. Siku yangu ya kwanza alinipeleka Burumba, kwenye shule ya kibinafsi iliyopanga vyumba vilivyojengwa viwe maduka. Kila chumba kilikuwa na mlango mmoja mbele na kidirisha kimoja nyuma, na kile kidirisha kilikuwa kimezibwa na kabati. Njiani alinipa sheria moja tu. Alisema tukifika mlangoni nisimsalimie mtu kabla sijanusa.

Nyinyi mnajua salamu kwetu ni kitu gani. Tulisimama pale mlangoni, watoto wakainuka na kutuimbia salamu ya wageni, mwalimu akanyoosha mkono, na sisi wawili tumenyamaza kama tumeleta habari za msiba. Nilivuta pumzi huku masikio yakiniwaka kwa aibu. Baadaye Mzee Ojiambo akasalimia kwa ukarimu wote, akauliza habari za kila mtu mpaka za ng'ombe, na tulipotoka akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia jasho, viazi, na kitu kama gunia lililolowa.

"Hiyo ya gunia ni pumzi ya juzi," akasema. "Haijapata njia ya kutoka."

Alinieleza kwamba pua ni kifaa kizuri lakini huzoea haraka. Ukiingia na kuanza kusalimiana na kutia sahihi kitabu cha wageni, unapomaliza pua imeshakubaliana na chumba na haitakwambia kitu. Sheria ya pili ikawa hii: nenda baada ya chakula cha mchana, jua likiwa juu ya mabati. Asubuhi kila darasa ni zuri. Wenye shule wanajua hivyo, ndiyo maana wakikualika watakualika asubuhi na chai itakuwa tayari.

Kutoka hapo nilipelekwa Budalang'i. Mto Nzoia ulikuwa umefurika na kurudi, na kule karibu na Rukala madarasa yalibaki na ukuta uliolowa mpaka usawa wa kiuno. Chumba cha namna hiyo kinahitaji upepo mchana kutwa, lakini mama wa pale walikuwa wameziba madirisha kwa magunia. Niliwaita tukakutana, nikawahubiria kufungua madirisha ili hewa safi iingie. Waliitikia vizuri sana, wakanipa samaki. Niliporudi wiki iliyofuata magunia yalikuwa yamekazwa kwa waya. Kwao, kinachoingia dirishani ni baridi, na baridi inampa mtoto kifua. Nilikuwa nawaambia wamfungulie mlango adui.

Niliwaza hilo nikiwa Osieko, ufukweni mwa ziwa, nikimngoja mtu, na mbele yangu mama mmoja anakausha samaki kwa moshi. Mwanawe aliziba tundu la juu la tanuri kwa kipande cha bati, na mama akamgombeza mpaka wavuvi wakageuka. Moshi ulikuwa hauna pa kutokea. Nikasimama nikaenda kununua koili za mbu, zile za kijani zinazojiviringisha, na tangu siku hiyo sikuwahi kukagua shule bila koili kwenye mkoba.

Nilirudi Rukala, watoto wakatolewa nje, nikawasha koili katikati ya darasa lililozibwa, na mama wakasimama ukutani kutazama. Sikusema neno hewa hata mara moja. Niliwaambia watoto wao wanatoa pumzi siku nzima, na pumzi ni moshi usio na rangi. Moshi wa koili ulipanda, ukajikunja chini ya mabati, ukaanza kushuka tena juu ya vichwa vyetu. Mama mmoja akauliza, "Sasa hii moshi yote itatokea wapi?" Nikamwambia haina pa kutokea. Akaenda mwenyewe akalitoa gunia la juu. Moshi ukapinda, ukaufuata mwanga ukatoka, na wale mama wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuongea juu ya kinachoingia, nikaanza kuongea juu ya kinachotoka. Watoto wa Rukala walinibatiza Mama Moshi, na nililipenda jina hilo kuliko Bwana Afya.

Halafu korona ilikuja. Ghafla kila mtu akawa anajua umuhimu wa dirisha, na mimi niliyekuwa kichekesho cha ofisi nikawa ninaitwa mikutanoni kuketi mbele. Nililetewa hata kipimo, kijisanduku cha mkononi kinachoonyesha kwa nambari jinsi pumzi ilivyojaa chumbani. Kizuri sana, kitumieni. Lakini korona ilipopoa madirisha yalianza kufungwa tena moja moja, na kijisanduku kikapoteza chaji katika kila shule isiyo na stima. Koili haijawahi kupoteza chaji.

Sasa nifike Malaba, kwenye kesi iliyonitoa jasho kuliko zote na ambayo nikiikumbuka natembea kifua mbele.

Shule yenyewe sitaitaja. Madarasa yake yamepangwa mstari mmoja, mbele yakitazama barabara kuu ya kwenda mpakani. Mnajua foleni ya trela pale. Zinasimama tangu alfajiri zikingoja kuvuka, injini zinanguruma, zinasogea kidogo, zinasimama tena, na moshi wa dizeli unaingia darasani kama mwanafunzi aliyesajiliwa. Walimu walifunga madirisha ya mbele, na siwalaumu. Tatizo ni kwamba madirisha ya nyuma nayo yalikuwa yamepigwa mbao na misumari, yote, kutoka darasa la kwanza hadi la mwisho. Nilipofika mlangoni mwa Gredi ya Sita na kunusa, nilishika fremu ya mlango.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Ekisa, Mteso mrefu, mpole, shati limenyooshwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha Kiswahili Gredi ya Sita. Katika darasa hilo alikuwa na mtoto wake, Amoit, msichana mwenye pumu aliyekaa karibu na mlango akiwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa sweta. Siku hiyo alisimamishwa asome. Alisoma kwa sauti nzuri, mistari miwili, akakatika, akashika dawati kutafuta pumzi. Wenzake hawakushtuka, walikuwa wamezoea. Mwingine akaendelea pale alipoachia.

Nje, Mwalimu Ekisa aliniambia kwamba muhula ukiisha atamhamishia Amoit shule ya bweni ng'ambo ya mpaka, mjini Tororo, kwa ndugu yake. Alisema hivyo akitazama foleni ya trela. Nikamwambia kabla hajavusha mtoto mpaka afungue kwanza madirisha ya nyuma, maana kila mchana upepo wa ziwani unatoka upande huo, ni safi, na ungesukuma kila kitu kwenda barabarani.

"Madam, hiyo upande ya nyuma ni mambo ya security," akasema. "Vitu zitaibiwa."

Madirisha yalikuwa na grili ya chuma. Nikamuuliza ni kitu gani kinachoweza kupita kwenye grili ile. Akatazama viatu vyake. Nikamwomba basi tuzunguke nyuma tuone. Tulikagua pamoja jiko, vyoo, tangi la maji, hata shimo la takataka, lakini kwenye kona ya jengo akakumbuka simu muhimu na nikazunguka peke yangu.

Nyuma ya ua mfupi wa miti kulikuwa na boma safi. Wazee wanne walikuwa wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinywa ajono, pombe ya wimbi, taratibu kama watu wanaosoma gazeti moja. Karibu kabisa na ukuta wa shule kulikuwa na jiko la mawe, na mama wa makamo akikaanga unga wa wimbi uliochachuka juu ya bati. Wazee waliponiona na mkoba wangu wakainuka mmoja mmoja, mirija ikabaki chunguni. Nikamsalimia mama. Akaniuliza kama nimekuja kumfunga, na kama ni hivyo nimpe nafasi azime moto.

Nilimwambia sijaja kwa ajili ya chungu, nimekuja kwa ajili ya zile mbao. Uso wake ukabadilika.

"Hizo mbao alipiga mkwe wangu," akasema. "Siku ya kwanza alifika hapa kuwa Hedi, alipiga mbao. Anaona aibu na mimi."

Hapo ndipo kila kitu kiliniangukia mahali pake. Mama huyu, Mama Akiru, alikuwa mama mkwe wa Mwalimu Ekisa. Waliompangia mwalimu kazi hawakuuliza mama mkwe wake anaishi wapi, wakampa shule iliyogusana na boma lake. Na mkwe kwetu hamtazami mama mkwe machoni, wala hamkuti ameketi na nguo za kazi mbele ya moto. Mume wangu mwenyewe, aliyekuwa mtu wa mzaha na kila mtu, akimwona mama yangu njiani alikuwa anaingia kwenye shamba la mihogo la watu wengine. Mwalimu Ekisa angesimama kila siku mbele ya ubao akimtazama mama mkwe wake dirishani. Kwa hiyo alipiga misumari ya heshima. Mama Akiru, aliyekuwa upande wa pili, aliisikia ikigongwa na akaihesabu kuwa matusi, kwamba msomi ameionea haya pombe yake. Wala hawangeweza kuulizana, kwa sababu ya heshima hiyohiyo. Katikati yao kulikuwa na chumba kimejaa watoto, na Amoit alikuwa mjukuu pekee wa mama huyu.

Nilimweleza kuhusu Tororo. Hakuwa anajua. Aliondoa bati motoni, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Huyo mtoto anakujanga kunisomea jioni," akasema. "Anasoma kidogo, anasimama. Mchana namsikia akikohoa kwa hiyo mbao. Mimi nilidhani ni hiyo magari."

Nikamwambia ni magari, na ni mbao, na kidogo ni jiko lake pia, kwa sababu tukifungua dirisha moshi wa wimbi utakuwa wa kwanza kuingia. Nilimweleza vilevile kwamba zile mbao hazikuwa aibu. Hilo aliniuliza mara mbili, kama nina hakika. Nikamwambia mkwe wake alikagua nami mpaka shimo la takataka lakini kwenye kona ya boma lake miguu ilimkataa. Akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akafunika mdomo kwa kanga.

"Basi mwambie mimi nitahamisha jiko," akasema. "Yeye ahamishe macho."

Nilirudi kwa Mwalimu Ekisa nikamkuta bado ameishika ile simu muhimu. Nilimfikishia maneno jinsi yalivyosemwa. Akaniambia hajawahi kuona haya kwa sababu ya mama yule, kwamba dawa ya Amoit ya kuvuta inanunuliwa na chungu kile kila mshahara unapochelewa. Machozi yalimlengalenga machoni, na mimi nikajifanya naandika.

Lakini bado kulikuwa na bodi ya shule. Mwenyekiti wake alikuwa na mpango wake, na ulikuwa wa kuziba madirisha ya pande zote mbili kwa matofali, moja baada ya jingine, halafu kununua feni. Alisema akiniangalia kama mtu aliyemaliza mjadala kwamba mimi nina mamlaka ya kuondoa ile pombe, niiondoe, na kazi yangu iishie hapo. Sikubishana. Niliomba mkutano ufanyike ndani ya Gredi ya Sita, baada ya chakula, watoto wakiwa uwanjani, na feni ya ofisi iletwe.

Niliwasha koili. Milango na madirisha vilikuwa vimefungwa, jua likipiga mabati. Nikawasha feni, na moshi ukazunguka, ukawapitia wote, ukawapitia tena. Feni ilikuwa inakoroga uji uleule. Mwenyekiti alikohoa akiwa katikati ya sentensi ya kusifu feni. Hapo nikamwambia fundi, aliyekuwa akingoja nje na nyundo, aondoe mbao za juu tu za dirisha moja la nyuma, zile zilizokuwa juu kuliko kichwa cha mtu, na nikafungua kipande cha juu cha dirisha la mbele. Mwalimu Ekisa aligeukia ukuta bila kuambiwa. Moshi ukasita. Kisha ukainama wote upande mmoja kama watu wanaosikia kengele ya chakula, ukavuka chumba, ukatoka kwenda kwa madereva wa trela. Hewa iliyoingia nyuma yake ilikuwa baridi na ilinukia majani. Mwenyekiti alifungua kifungo cha juu cha shati na kukaa chini, na feni ikarudi ofisini.

Mambo yakaenda hivi. Fundi aliinua kingo ya chini ya madirisha yote ya nyuma kwa matofali mpaka mtu mzima asimame asione nje, na juu ya hapo akaacha wazi, grili tupu hadi kwenye lenta, ile boriti ya juu ya dirisha. Mbele, juu ya lenta, akaweka matofali ya matundu yasiyofungika, ili hata trela zikiwa zimesimama na madirisha yamefungwa moshi wa pumzi uwe na pa kutokea. Hewa inapita, macho hayapiti. Mchungaji kwenye bodi alifurahi kwamba watoto hawataona mirija. Mama Akiru alihamisha jiko lake hadi mwisho wa boma, mawe yote matatu, na wazee wakahamisha chungu kulifuata.

Nimefanya kazi shule nyingi, nyingine zilinishinda, nyingine zilinisikia nikiwepo na kunisahau nikitoka. Lakini ile ya Malaba ilikaa. Ukitaka jambo likae, mwulize kila aliyeziba dirisha alikuwa anamzuia nani. Jibu huwa ni mtu mara nyingi kuliko baridi.

Karibu na mwisho wa muhula nilirudi bila kuwaarifu, baada ya chakula, jua likiwa kali na foleni ya trela imefika mbali kuliko macho. Nilisimama mlangoni mwa Gredi ya Sita na nikanusa. Nilisikia chaki, sabuni ya sweta, na kwa mbali sana wimbi lililokaangwa. Amoit alikuwa amesimama na kitabu, dirishani nyuma, si mlangoni tena. Alisoma mstari wa pili, akaupita. Alisoma aya nzima, akageuza ukurasa. Mwalimu Ekisa alikuwa ameegemea meza, ameshikilia kipande cha chaki, na nilimwona anahesabu pumzi za mtoto kwa midomo bila sauti. Tororo ilikuwa haitajwi tena siku hizo.

Alipofika nukta ya mwisho, sauti ya Mama Akiru ikapanda kutoka boma la nyuma, ikavuka matofali ikaingia. Haikumwita mtu jina, maana mkwe hasemeshwi hivyo. Ilisema tu kwa yeyote anayesikia:

"Huyo anasoma ni Amoit? Aanze tena. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba."

Darasa zima likamtazama mwalimu. Hakugeuza shingo. Alikuwa ameutazama ubao, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Amoit," akasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika chumbani, "rudia kutoka juu. Nyanya yako hakusikia mwanzo."

Akarudia, ukurasa mzima, bila kusimama. Mimi nilikuwa bado mlangoni, na sikuwa nimemsalimia mtu.